Safu ya Kushoto

Sikumpenda mwalimu aliyenifundisha falsafa ya kale ya Kichina, naye hakunipenda, na miaka iliyopita tangu hapo haijaligeuza jambo hilo kuwa kumbukumbu tamu. Watu wa umri wangu wanaposimulia juu ya walimu waliowatesa huishia kuwashukuru. Husema ukali ule uliwajenga. Mimi sisemi hivyo. Ukali wa mtu yule ulinibomoa kwa majuma saba mfululizo, na nilichokijenga baadaye nilikijenga mwenyewe, mbali naye, bila baraka zake.

Hiyo ilikuwa miaka ya elfu mbili, wakati Wachina walipoanza kuonekana Nairobi kwa wingi wakipima barabara, na wazazi wenye jicho la biashara wakawa wanataka watoto wao wajue salamu mbili tatu za Kichina. Sisi hatukusomea salamu. Tulikuwa wanafunzi watano, watu wazima wenye shahada na ajira, tuliopanda ngazi za jengo moja la katikati ya jiji kila Jumanne na Alhamisi saa nane mchana, kwenda kusoma maandishi ya watu waliokufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Mimi nilikuwa karani wa madai katika ofisi ya bima kule Hurlingham. Mkuu wangu aliniruhusu kutoka mapema siku hizo mbili kwa sharti kwamba niwe mezani saa moja asubuhi, kabla hata mfagiaji hajamaliza ukumbi.

Kiu ya kusoma maandishi hayo ilinipata nikiwa bado chuoni. Mhadhiri mmoja alitaja, kwa kupitia tu, kwamba kulikuwa na wanafikra wa Kidao katika China ya kale walioamini kuwa mtawala bora ni yule ambaye watu hawamhisi. Nilicheka kwa sauti darasani. Nilikuwa nimekulia katika duka la wazazi wangu huko Dagoretti, ambako picha ya rais ilitundikwa juu ya mizani ya sukari na kufutwa vumbi kila asubuhi kabla ya kitu kingine chochote. Wazo kwamba mtu anaweza kutawala bila kuikodolea macho mizani ya watu lilinishika kwa namna ambayo hakuna mahubiri yaliyowahi kunishika. Nilitaka kulisoma kwa lugha yake, si kupitia mdomo wa Mwingereza.

Njia ilikuwa moja. Kila mwaka chuo kimoja cha China kilitoa nafasi moja ya masomo ya miaka miwili kwa mwanafunzi wa darasa letu, na aliyemchagua mwanafunzi huyo alikuwa mwalimu, kwa barua yake mwenyewe. Hapakuwa na mtihani wala kamati. Palikuwa na barua. Niliitaka barua ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, kuliko hata ndoa ambayo mama yangu alikuwa akiiulizia kila Jumapili baada ya ibada.

Mwalimu alikuwa Mkenya, mzee wa miaka sitini na kitu, aliyepelekwa China akiwa kijana na kukaa huko hadi nywele zikaanza kumtoka. Aliporudi hakukuta idara iliyomhitaji. Alipewa chumba kimoja, ubao mmoja na mkataba wa kuhuishwa kila mwaka, na hasira aliyokuwa nayo juu ya wakubwa waliompuuza alitumwagia sisi. Aliwapenda Wakonfusio: mtu na nafasi yake, mtoto chini ya mzazi, mwanafunzi chini ya mwalimu, kila mmoja akijua aketi wapi na aseme lini. Wadao aliwafundisha kama mtu anayewaonyesha wageni chumba cha nyumba yake ambacho hakijafagiliwa.

Kichina cha kale hakikuandikwa kwa nukta wala mkato. Herufi husimama wima, safu baada ya safu, kutoka kulia kwenda kushoto, na msomaji ndiye anayeamua sentensi inaishia wapi. Ukikosea kituo kimoja, anayeheshimiwa anageuka kuwa anayeadhibiwa. Kazi yetu ya kila somo ilikuwa hiyo: unachukua ukurasa wako, unatia vituo kwa kalamu nyekundu, kisha unasimama na kuueleza ukurasa mzima kwa Kiswahili sanifu. Alichagua Kiswahili kwa hila. Tafsiri za Kiingereza zilikuwa zimejaa kwenye meza za wauza vitabu vikuukuu mjini, naye aliamini kwamba mtu hawezi kuiba kwa Kiswahili kitu ambacho hakijawahi kuandikwa kwa Kiswahili. Atakayekamatwa na tafsiri, alisema siku ya kwanza, atashuka ngazi zile na hatazipanda tena. Hakutaka tusome kwa sauti maneno yenyewe ya Kichina. Alidai matamshi yetu yanamuumiza masikio. Na tulipokuwa tukieleza alitupa mgongo, akasimama dirishani mikono nyuma, akitazama mabasi chini.

Siku moja neno kubwa kuliko yote ya Wakonfusio nililifasiri "utu."

"Utu ni wa mama yako na majirani zake," akasema bila kugeuka. "Hili ni jambo ambalo mtu hulifanyia kazi maisha yake yote. Keti."

Kana kwamba mama yangu alizaliwa nao utu wake, kama pua. Niliketi. Mpaka leo nalifasiri vivyo hivyo.

Kitabu tulichosomea, mkusanyo wa maandishi ya Wakonfusio na Wadao, kilikuwa chake, cha karatasi laini ya manjano, kilichochapwa kwa mtindo wa zamani. Kilikuwa kinaachana kurasa. Mwanzoni mwa muhula alinikabidhi mimi nikatoe nakala sita, kwa sababu nilikuwa mwanamke pekee na, kwa maoni yake, kazi za kubeba karatasi zilikuwa na mwenyewe. Nilikipeleka Adams Arcade, kwa mama mmoja wa fotokopi aliyekuwa na kibanda chembamba kati ya duka la viatu na saluni. Alikigeuza kitabu mikononi kwa huruma.

"Dadangu, hizi ni maneno ama ni michoro?"

"Ni maneno."

"Na mnaelewa?"

"Tunajaribu."

"Mungu awasaidie. Sasa angalia, hii pembeni inatoka nyeusi, sababu kitabu ni mzee. Nitakata hiyo nyeusi yote na mashine, halafu nibaindi hapa kushoto. Itakaa kama ya duka."

"Sawa," nikamwambia, nikaenda kununua mkate.

Niliporudi nilikuta vitabu sita vyenye uti wa plastiki, kingo zimenyooka kama za daftari jipya. Nikamshukuru. Mwalimu alichukua nakala moja akaiweka juu ya meza ya darasa, akakifunga kitabu chenyewe kwa kitambaa na kukirudisha nyumbani, na hatukukiona tena.

Majuma saba yaliyofuata ndiyo ninayoyazungumzia. Nilikuwa nikianza ukurasa vizuri. Nilikuwa nimekesha nao kwa kamusi, herufi moja moja, na safu za kwanza zilinyooka mdomoni. Lakini kila nilipofika mwisho wa ukurasa na kugeuza, kitu kilinivunjikia. Mtu alianza kutoa ushauri kwa mfalme, na juu ya ukurasa unaofuata walikuwa wanazungumzia ngoma za mazishi. Nilitafuta kituo cha kuunganisha, nikasogeza nukta mbele, nikairudisha nyuma. Hakikupatikana.

"Mwalimu, hapa sentensi inakatika."

"Kinachokatika ni akili yako, binti yangu. Waliosoma maandishi haya kabla yako walikuwa mamilioni, na hayakuwakatikia." Kisha, kwa yule aliyeketi nyuma yangu: "Msaidie dada yako."

Aliyeketi nyuma yangu alikuwa mtumishi wa wizara fulani, mtu wa suti ya kijivu, mwenye sauti ya kutangaza. Kila mmoja alijua kwamba barua ingekuja kwangu au kwake. Alisimama na kuunganisha ukurasa na ukurasa bila kigugumizi: mshauri akamaliza ushauri wake, mfalme akanyamaza, mtu wa tatu akauliza kuhusu mazishi, na ngoma zikaingia mahali pake. Mwalimu alitikisa kichwa dirishani kama mtu anayesikia wimbo anaoujua.

Tukishuka ngazi alinichokoza. "Siz, wewe unasoma kama fundi wa saa. Unafungua kila kitu halafu hujui kurudisha."

"Na wewe unasoma kama mtu aliyepewa majibu."

"Sasa hiyo ni wivu, madam. Wivu haitakupeleka China."

Nilijua jinsi alivyosoma. Wote wanne walikuwa na kurasa za tafsiri ya Kiingereza, zimekunjwa ndani ya magazeti, na walizigeuza kuwa Kiswahili usiku wa kuamkia somo. Mimi pia nilikuwa nimesimama mbele ya meza ya vitabu vikuukuu nikiwa na tafsiri ile mkononi, nikairudisha. Sitaki nionekane mwaminifu kuliko nilivyokuwa. Niliirudisha kwa kiburi. Nilitaka kumshinda mwalimu kwa sheria zake mwenyewe.

Lakini kiburi hakikunilinda na jambo moja. Kufikia juma la tano nilikuwa nimeanza kumwamini. Nilitembea kutoka ofisini hadi kituo cha basi nikijiambia kwamba kuna watu ambao akili yao huishia mahali fulani, kama barabara ya lami inavyoishia, na kwamba yangu inaishia pembeni mwa ukurasa. Nilianza kufanya makosa kazini. Nilimrudishia mteja faili la mtu mwingine. Mama akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia Kichina ni kigumu. "Si uache," akasema, na nikamjibu vibaya mno kwa mtu aliyeniuliza kwa upole.

Katika juma la saba mwalimu aliniita nyumbani kwake Kilimani, Jumamosi asubuhi, kuzungumzia barua. Aliishi peke yake katika ghorofa ya tatu, nyumba yenye vitabu na vumbi na balbu isiyo na kifuniko. Alinikaribisha kiti, kisha simu ikaita naye akaenda kuipokea chumbani. Kitabu cha manjano kilikuwa juu ya meza mbele yangu, nje ya kitambaa chake.

Nilikifungua kwenye ukurasa wa mshauri na mfalme, ule ulionifedhehesha Alhamisi iliyotangulia. Niliujua kwa moyo, ningeweza kuuchora. Nikaufuata kwa kidole kutoka kulia, safu kwa safu, hadi mahali ambapo katika nakala yangu karatasi huishia. Hapa karatasi haikuishia. Palikuwa na safu moja zaidi, kushoto kabisa, imesimama wima kama mtu anayengoja kuitwa. Mshauri alimaliza ushauri wake ndani ya safu hiyo. Mfalme alinyamaza ndani yake. Mtu wa tatu aliuliza swali lake.

Nikafungua ukurasa mwingine, na mwingine, hata kurasa ambazo bado hatukuwa tumezifikia darasani. Kila mahali nilipokatikiwa palikuwa na safu ambayo mama wa Adams Arcade aliiondoa kwa mashine yake ya kukatia, kwa sababu katika vitabu vyote alivyowahi kubaindi, kushoto hakuna maneno; kushoto ni mahali pa kutoboa matundu. Alikata wino mweusi, na kitabu kikaenda nao. Na mimi nilimwambia sawa.

Sikufurahi. Ningependa kuandika kwamba nilihisi nafuu, lakini nilichokihisi kilikuwa chuki safi, isiyochanganyika na kitu. Kwa majuma saba watu wanne walikuwa wameeleza, kwa ufasaha, maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi zao, na mtu mmoja aliyasikia, akatikisa kichwa, na hakuwahi hata mara moja kugeuka na kutazama nakala yake mwenyewe.

Mwalimu alirudi na birika la chai. Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Nilikijua vizuri kile ambacho Wakonfusio walifundisha, kwa sababu muhula huo huo nilikuwa nimekiandikia insha: mdogo anapoona kosa la mkubwa ana wajibu wa kumkosoa, lakini kwa upole, kwa faragha, mapema, ili mkubwa apate njia ya kurudi. Tulikuwa faragha. Ilikuwa mapema. Kitabu kilikuwa wazi kati yetu. Aliweka birika, akakifunga kitabu kwa kitambaa, akaketi.

"Una bidii," akasema. "Bidii bila wepesi ni ya punda. Lakini mwenzako ana wepesi bila bidii, na huko waendako hawapendi wavivu. Alhamisi utasoma wewe. Ukivuka ukurasa bila kulia, barua ni yako."

"Nitasoma, Mwalimu."

Nikanywa chai yake hadi mwisho. Nilinyamaza kwa makusudi. Nilitaka ateleze mbele ya watu, kama nilivyoteleza mimi.

Alhamisi nilisimama na nakala yangu. Nilieleza safu zote tisa, kituo kwa kituo, na nikafika ukingoni. Mwalimu alikuwa dirishani.

"Nimefika mwisho wa karatasi," nikasema. "Namwomba mwenzangu anisaidie, kama kawaida."

Mtu wa wizara alisimama, akavuta pumzi ya kutangaza, akaanza: mzee wa kijijini akamjibu kijana kwamba mti usiofaa kwa fundi—

"Ngoja. Nionyeshe kwa kidole."

"Nini?"

"Hayo maneno. Mzee anajibu wapi? Weka kidole."

Akacheka. Akatazama ukurasa wake, akageuza, akarudisha. Kidole chake kilizunguka juu ya karatasi kama inzi asiyepata pa kutua. "Iko hapa… Zii, si hapa, ngoja. Ilikuwa hapa."

"Haikuwahi kuwa hapo. Na wewe?" nikamwuliza wa pili. "Na wewe? Wekeni vidole." Hakuna aliyeweka. Mmoja wao, mtu mzima mwenye watoto, alikunja gazeti lake likawa dogo sana. "Kwa majuma saba mmekuwa mkisoma safu ambayo haipo. Nakala zote zimekatwa upande wa kushoto, kila ukurasa. Mimi nilisimama pale ambapo maandishi yalisimama, nikaitwa mjinga. Na wewe, Mwalimu, ulikuwa unasikia nini huko dirishani?"

Aligeuka. Alichukua nakala yake mezani, nadhani kwa mara ya kwanza tangu niilete, akaitazama muda mrefu. Kisha akaiweka chini, akachukua chaki, akaenda ubaoni. Akaandika kutoka juu hadi chini, bila kusita, herufi baada ya herufi, mkono wake wa kizee ukiwa umetulia kabisa. Ilikuwa ile safu. Niliikumbuka kutoka Jumamosi. Hakukosea hata mstari mmoja wa herufi moja. Akafungua ukurasa mwingine wa nakala, akautazama, akaandika safu yake pia. Kisha ya tatu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwizi. Nilikuwa sijajiandaa kwa mtu aliyekibeba kitabu kizima kichwani, ambaye hakutazama karatasi kwa sababu hakuhitaji karatasi.

"Nilikuwa nasikia haya," akasema. "Nani alipeleka kitabu kikatolewe nakala?"

"Mimi."

Mtu fulani nyuma yangu alicheka kwa pua.

"Ulimweleza huyo mtu wa mashine kwamba kitabu hiki kinasomwa kutoka kulia?"

"Sikumweleza."

"Basi kisu kilikuwa chako. Na kuhusu ujinga, sikukosea. Anayeona shimo barabarani kwa majuma saba, akadhani ni macho yake ndiyo mabovu, ni mjinga."

"Nilikwambia kila somo. Kila somo, Mwalimu! Nilisema sentensi inakatika. Ulinijibu kuwa ni akili yangu."

"Na uliniamini. Hilo nalo ni langu?"

"Ndiyo, ni lako. Wewe ndiwe mwalimu."

Chini, makondakta walikuwa wakiita abiria wa Kawangware. Mwalimu alifuta chaki vidoleni kwa leso, kidole baada ya kidole.

"Uligundua lini?"

"Jumamosi. Nyumbani kwako."

"Ukanywa chai."

"Nikanywa."

"Insha yako ilikuwa juu ya namna ya kumkosoa mkubwa. Nilikupa alama ndogo. Sasa naona nilikupa nyingi."

"Na mkubwa asiyesikia mpaka aaibishwe, tumwandikie insha gani?"

Mtu wa wizara akasema polepole, "Siz, wacha tu," na nadhani kwa mara ya kwanza alinihurumia kweli. Lakini mwalimu aliinua mkono kumnyamazisha. Alikuwa ametulia. Nilimchukia zaidi kwa utulivu ule.

"Sikieni," akasema. "Nyinyi wanne mmeiba, na nitawashughulikia. Huyu peke yake ndiye aliyesoma. Barua ni yake. Lakini amemvunjia mwalimu wake heshima mbele ya watu, na heshima hurudishwa mbele ya watu. Jumanne atasimama hapa, atainama kama tunavyofanya mwanzo wa kila somo, ataomba radhi. Kisha nitaandika."

"Na wewe utaniomba lini?"

"Mimi?"

"Majuma saba."

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ambayo hakuwahi kuisomea. "Mimi ni mwalimu," akasema. Hakulisema kwa dharau. Lilikuwa jibu kamili, kwake. Halikuwa na pengo lolote ambalo mtu angeweza kutia kidole.

Nilikusanya vitu vyangu nikashuka ngazi.

Nimeyapima mambo yale mara nyingi mno tangu siku ile, na kila ninapoyapima nakuta nilikuwa na makosa. Kisu kilikuwa changu. Kunyamaza kwangu mbele ya chai yake kulikuwa hila, na hila ile iliaibisha watu wanne ambao hawakuwa wamenikosea kwa lolote kubwa. Ningeweza kuomba radhi kwa hayo bila kusema uongo. Kuinama si kazi; nimeinama mbele ya wakwe, mbele ya maaskofu, mbele ya maafisa wa uhamiaji. Wanaonipenda wameniambia hivyo: ungeinama, ungeenda, ungekuwa profesa leo. Huenda wako sahihi.

Lakini nililolisoma katika maandishi yale, kwa safu zile tisa nilizoachiwa, ni kwamba nafasi ya mkubwa ni mzigo kabla ya kuwa kiti. Hilo walisema Wakonfusio wenyewe aliowapenda. Hata haikuhitaji niwaite Wadao wanitetee. Alikuwa na kitabu kizima kichwani, na bado akakitumia upande mmoja tu, upande unaomwambia mdogo la kufanya. Kama ningeinama bila yeye kuinama, ningekuwa nimekubali kwamba hivyo ndivyo kinavyosomwa. Na ningekwenda China kusoma nini?

Jumanne sikuondoka ofisini. Saa nane na robo simu yangu iliita. Alikuwa mtu wa wizara, akinong'ona. Nilisikia mwangwi wa ngazi.

"Siz, uko wapi? Mzee amekataa kuanza. Amekaa tu, anaangalia mlango."

"Niko kazini."

"Kuja bwana. Ni dakika moja tu, unainama inaisha. Hata sisi hakutufukuza, alitufanya tu tuandike barua za kuomba msamaha, na tumeandika."

"Vizuri."

"Unajua akianza bila wewe, hiyo nafasi ni yangu."

"Najua."

Ninaamini kwamba wakati ule alitaka kwa moyo wake wote nije, na kwa moyo huo huo alitaka nisije. "Basi nimwambie nini?"

"Mwambie aanze."

Nikakata simu. Mbele yangu lilikuwapo faili la mteja aliyegongwa kwa nyuma kwenye Barabara ya Ngong, maelezo ya dereva mmoja yakipingana na ya mwenzake. Nikalifungua, nikaanza kulisoma tangu ukurasa wa kwanza.